Mteja Aliyenyamaza: Somo kwa Wafasiri wa Kesho wa Lubumbashi

Katika kitivo chetu mwanafunzi wa tafsiri anajifunza kupima matini, kutafuta istilahi, kulinganisha miundo ya Kifaransa na ya Kiswahili. Anatoka na shahada yake, anapata mteja wa kwanza, wa pili, wa tano. Kisha siku moja anagundua kwamba yule wa pili hajamletea kitu tangu mwaka jana. Hawakugombana. Hawakuagana. Karatasi hazikuja tena, basi. Jambo hilo halimo katika somo lolote nililolisikia Kasapa, na hata hivyo ndilo linaloamua kama mfasiri atalipa kodi ya nyumba na minevali ya watoto, au ataweka kamusi kabatini na kwenda kuuza yunite za simu barabarani.

Ninatafsiri hapa mjini kwa Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Ulipofika mwezi wa sita wa mwaka huu wa 2025, nilihesabu katika daftari langu wateja 11 waliowahi kunipa kazi angalau mara mbili, ambao kwa miezi sita hawakuwa wamenipa hata ukurasa mmoja. Niliwarudia wote, mmoja baada ya mwingine. Ninachotaka kueleza hapa ni namna nilivyowaandikia, na sababu za lugha zilizoniongoza, kwa kuwa jarida hili ni la watu wa lugha. Mambo ya biashara kuna wanaoyajua kuliko mimi. Lakini sentensi ya kumrudia mtu aliyenyamaza ni kazi yetu, na hakuna mwingine wa kutufundisha.

Kwanza tarehe

Mfasiri akiona kimya, jambo la kwanza analofikiri ni kwamba kazi yake ilikuwa mbaya. Inawezekana. Ila katika mji huu ni vizuri kutazama kwanza habari za madini, kisha ndipo ujitazame.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, miaka minne baada ya kuundwa kwa Union Minière du Haut-Katanga, na tangu hapo unakula kwa shaba. Hata Kiswahili chetu kilishika mizizi hapa kwa sababu ya kazi: watu walioletwa kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini walihitaji lugha moja ya kuelewana kambini na kazini. (Johannes Fabian ameandika juu ya historia hiyo katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, anayetaka kubishana naye na abishane, lakini amsome kwanza.) Kwa hiyo bei ya madini ikianguka, hata mwenye kutafsiri karatasi anaiona mezani pake.

Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ilianguka na kampuni nyingi za Katanga zikafunga milango. Julai 2015 jimbo la Katanga liligawanywa kuwa manne, yaani Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Migodi mingi mikubwa ikajikuta Lualaba, na ofisi nyingi zikaelekea Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa. Mwaka 2016 Freeport-McMoRan ya Marekani iliuza hisa zake za Tenke Fungurume kwa China Molybdenum, na wakubwa wanaosoma ripoti wakawa wa lugha nyingine. Novemba 2019 Glencore ilisimamisha uzalishaji wa Mutanda. Mwaka huu tumeona zaidi: Februari 22 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, halafu kuanzia Oktoba 16 ikaweka mgao kwa kila kampuni. Upande wa mashirika ya misaada, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi wa Januari, na kufikia Julai 1 USAID ikawa imekwisha kazi yake. Mwishoni mwa Januari huohuo Goma iliingia mikononi mwa M23, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na benki za huko zikafungwa.

Niliandika tarehe hizi kando ya yale majina 11. Saba yalipata maelezo hapohapo. Shirika lililokuwa likinitumia maswali ya utafiti wa afya lilikuwa na ofisi yake Goma. Kampuni ndogo inayofanya kazi chini ya mgodi wa kobalti ilikuwa imewapumzisha watu wake nyumbani. Hao hawakunikataa. Walikuwa na shida kubwa kuliko yangu.

Hii si habari ya kujifariji tu. Mtu anayeamini kwamba amekataliwa anaandika barua ya mtu aliyekataliwa, na msomaji anaihisi tangu salamu. Anayejua kwamba mwenzake yumo katika mwaka mgumu anaandika barua nyingine kabisa.

Kabla ya kugusa simu nilijaza pia mistari michache kwa kila jina: kazi ya mwisho ilikuwa nini na mwezi gani, nani aliileta, nani aliipokea, nani alilipa (mara nyingi ni watu watatu), kama ililipwa yote, na nimebaki na nini chao. Mstari huo wa mwisho utaonekana faida yake hapa chini.

Sarufi ya lawama

Mwenzangu mmoja, mfasiri mzuri kuliko mimi kwa Kiingereza, alinionyesha ujumbe aliouandikia ofisi fulani iliyokuwa imemnyamazia mwaka mzima:

"Habari. Mbona mmeacha kunitumia kazi? Niliwakosea nini? Niko tayari wakati wowote."

Hakupata jibu. Tuusome ujumbe huu kama tunavyosoma matini darasani.

"Mbona" si "kwa nini". Anayeuliza "kwa nini" anatafuta sababu. Anayesema "mbona" ameshaona kwamba jambo haliko sawa na anamtaka mwenziwe ajieleze. Mama anamwuliza mtoto "mbona hujaoga?" na mtoto hafikirii hata mara moja kwamba mama anafanya utafiti. Kisha linakuja tendo, "mmeacha". Kiambishi cha nafsi kiko mbele kabisa: ninyi, ninyi ndio mlioacha. Na "-me-" inaleta matokeo ya tendo hadi sasa, kimya kiko hapa kati yetu tunapozungumza. "Niliwakosea nini?" ni mbaya zaidi, ingawa inaonekana ya unyenyekevu. Msomaji ana majibu mawili tu: kukubali kwamba ulikosea, au kukuapia kwamba hukukosea. Yote mawili ni magumu kuandikwa na mtu aliye ofisini saa nne asubuhi, kwa hiyo anachagua la tatu, kutojibu. "Wakati wowote" nayo inasema kwamba huna kazi nyingine. Pengine ni kweli, lakini si lazima iwe ndiyo habari ya kwanza.

Kiswahili kimetupa vifaa vya kulisema jambo hilihili bila mshtakiwa. Cha kwanza ni kauli ya kutendeka. Ukisema "mmekata mawasiliano", kuna mkataji. Ukisema "mawasiliano yamekatika", hakuna. Yamekatika kama umeme wa Kenya au Katuba unavyokatika usiku, na hakuna anayemwuliza jirani kwa nini ameukata. Kifaransa kina njia zake za kuficha mtendaji, lakini inabidi uzijenge. Kwetu ni silabi moja ndani ya kitenzi.

Cha pili ni kauli ya kutendana. "Umepotea" ni lawama, hata ikisemwa kwa kicheko. "Tumepoteana" ni haki. Wewe ulinipotea, mimi nilikupotea, tuko sawa, tuendelee. Neno hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii, na sijaona lugha nyingine ninayoifahamu inayolisema kwa ufupi namna hii.

Cha tatu kinahusu masharti. Wanafunzi wengi, kwa kufuata adabu ya Kifaransa, wanaandika "kama mngekuwa na kazi, ningefurahi". Wanafikiri kwamba "-nge-" ni heshima. Katika Kiswahili "-nge-" inasema kwamba jambo lenyewe haliko: mngekuwa nayo, lakini hamnayo. Unamfundisha mteja jibu la kukukatalia. "Mkiwa na kazi" ni sharti la kawaida. Huenda ipo, huenda inakuja. Tofauti ya herufi chache inabadilisha mlango uliofungwa kuwa mlango uliorudishwa tu.

Basi huu ndio ujumbe nilioutuma kwa afisa wa uhusiano na vijiji wa kampuni moja, mtu mzima aliyenizidi miaka kama kumi na tano:

"Papa, jambo. Siku nyingi tumepoteana. Natumaini nyumbani ni wazima. Mwaka jana mwezi wa nane tulimaliza pamoja waraka wa visima wa vijiji vitatu. Ninao bado, pamoja na orodha ya maneno tuliyokubaliana na wazee. Nimesikia kwamba ofisi imehamia Kolwezi. Je, waraka ule umeshapata toleo jipya?"

Sikuomba kazi. Niliuliza swali moja, na swali lenyewe linaweza kujibiwa "bado" bila aibu yoyote. Nilitumia "-li-" kwa kazi iliyokwisha, kwa sababu "tulimaliza pamoja" ni tendo kamili lenye mwisho mwema, nami nilitaka akumbuke mwisho huo. Na nilimwambia kwamba nimebaki na kitu chake. Orodha ile ya maneno ilitugharimu alasiri mbili chini ya mwembe, wazee wakibishana kama "kisima" ni kile cha pampu au hata kile cha kuchimba kwa mkono. Mfasiri mwingine angeanza upya. Mteja anayajua haya, lakini huwa ameyasahau. Ukimkumbusha kitu halisi, humwongezei deni wala huruma, unamrudishia mali yake.

Alijibu siku ya tatu. Toleo jipya lilikuwapo, limekaa tangu mwezi wa tatu, na hakuna aliyelishughulikia tangu wahamie. Sidai kwamba kila ujumbe hupata bahati ya namna hiyo.

Kiswahili kipi?

Swali hili ni la kwetu hasa, wa Tanzania hawana haja nalo sana. Ujumbe niliouandika juu umo katika Kiswahili bora, ama karibu yake. Kwa mtu mwingine wa mtaa wangu ningeandika hivi: "Jambo papa. Siku mingi. Batu ya ku nyumba banaikala muzuri? Nilisikia asema mulishahamia ku Kolwezi." Na kwa mkurugenzi ningeandika Kifaransa, na fomula zake za adabu tunazozijua tangu sekondari.

Kanuni ninayoifuata ni hii: lugha ya kumrudia mtu ni ile aliyoitumia mara ya mwisho kukushukuru, si ile aliyoitumia kukuagiza kazi. Maagizo karibu yote huja kwa Kifaransa, kwa kuwa yanapita kwa wakubwa na yanahifadhiwa. Shukrani inakuja katika lugha ya mtu mwenyewe. Kuna mama mmoja, mhasibu, aliyeniandikia mwaka mzima kwa Kifaransa cha ofisi, halafu siku ya kulipa akanipigia simu na kusema "aksanti sana mwanangu, ulitusaidia". Siku hiyo alinipa lugha ya kumrudia, na cheo changu pia: mwana. Tangu hapo ninamwita Mama, simwiti Madame.

Heshima ina sarufi yake hapa kwetu. Kwa mkubwa mmoja tunatumia wingi, kama Wafaransa: "mulifika", "munaikala". Pwani mtu anaweza kumwambia mzee "ulifika salama, Mzee?" na heshima yote ikabebwa na lile neno Mzee. Ukiandika Kiswahili bora kwa mtu wa Lubumbashi, usiuache wingi huo nyumbani. Wengi hawatakuambia kwamba umewaudhi kwa "umehamia". Watasema tu kwamba kijana yule amekuwa mkavu.

Sauti ya WhatsApp je? Ninaitumia kwa wa rika langu peke yao. Mkubwa hawezi kuisikiliza mkutanini, ataiacha ya baadaye, na ya baadaye ni ya kusahauliwa. Kwa kampuni ambazo ujumbe wako utapita kwanza kwa mkalimani wa mkurugenzi wa Kichina, andika Kifaransa chepesi, sentensi fupi, tarehe na jina la waraka. Yule mkalimani ni mtu wa kazi yetu; mhurumie, usimpe methali za kutafsiri.

Faktire iliyobaki

Hapa pana jambo ambalo vijana hawalitarajii. Mteja mara nyingi hunyamaza kwa sababu anadaiwa. Kazi ilifika, ofisi ikakosa fedha, faktire ikalala, na kila wiki inayopita inamzidishia aibu. Anayo kazi nyingine mkononi, lakini atakuitaje na ile ya kwanza haijalipwa? Anampelekea mtu mwingine, asiyemdai. Ndivyo mfasiri anavyopoteza fedha na mteja kwa mara moja.

Katika wale 11, wawili walikuwa wa namna hii. Mmoja alikuwa amebakiza dola 180 tangu mwezi wa nne.

Kwa hao sikuandika ujumbe mmoja. Niliandika miwili, kwa watu wawili. Habari za faktire zilikwenda kwa mhasibu, kwa Kifaransa, na namba yake, tarehe yake na kiasi chake, bila neno la ziada. Salamu zilikwenda kwa rafiki yangu aliyeleta kazi, wala hazikutaja fedha. Ukiyachanganya, salamu inanuka deni, na deni linajificha ndani ya salamu.

Ilipobidi kuzungumza naye juu ya jambo lenyewe, kwa sababu aliniuliza, nilisema "ile faktire ya mwezi wa nne". Sikusema "deni lenu". Kiashiria "ile" kinakiweka kitu mbali kidogo, mahali ambapo sisi wawili tunaweza kukitazama. Kimilikishi "lenu" kinakitupa mapajani mwake. Nikaongeza kwamba inaweza kuja vipandevipande, kwa M-Pesa au Airtel Money. Zilikuja dola 30, halafu 50. Kabla ya 100 zilizobaki kufika, kazi mpya ilikuwa imefika. Niliikubali nikiomba nusu ya malipo mbele, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona la haki.

Kwa wanaopenda sheria: nchi yetu imo katika OHADA tangu Septemba 2012, na sheria yake ya biashara inampa mdai miaka mitano kudai malipo kwa mfanyabiashara. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia vitisho katika mwezi wa tatu. Hifadhi faktire na ujumbe ule wa "tumepokea, asante".

"Siku hizi kompyuta inatafsiri"

Mteja mmoja alinijibu hivyo waziwazi, nami nilimshukuru kwa ukweli wake. Google imekuwa ikitafsiri Kiswahili tangu 2009, na miaka hii mitatu programu za kuzungumza na kompyuta zimefanya kazi hiyo kuwa nyepesi kwa yeyote mwenye simu. Kubishana na mteja kwamba mashine haijui kitu ni kupoteza muda, anaiona ikijua.

Nilimwomba anitumie ukurasa mmoja ulioandikwa na mashine. Ulikuwa sehemu ya "cahier des charges", hati ambayo mwenye mgodi anakubaliana na jamii za mahali juu ya shule, maji, zahanati na barabara. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaidai hati hiyo, na tena inamtaka mwenye mgodi atoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Si karatasi ya mchezo. Mashine ilikuwa imeiita "kitabu cha vipimo". Sarufi ilikuwa safi kabisa. Niliusoma ukurasa ule kwa sauti, mbele yake na mbele ya watu watano wa kijiji waliokuwa wamekuja ofisini kwa shughuli nyingine, nikawauliza wamesikia nini. Mzee mmoja alisema kampuni inakuja kupima mashamba. Mama mmoja aliuliza kama watahamishwa.

Mteja alinyamaza, safari hii kimya cha namna nyingine.

Nilichompa baada ya hapo si tafsiri ya ukurasa. Nilimwambia: mashine yenu iandike, mimi nitausahihisha, kisha nitausoma mkutanini na kujibu maswali kwa Kiswahili cha watu wale. Bei ya ukurasa ilishuka, siku za kazi ziliongezeka. Kwa wanafunzi wanaoogopa mashine ningesema waanze hapo, kwenye kusoma kwa sauti mbele ya wanaotakiwa kutia sahihi au kidole gumba. Kitivo hiki kinafundisha ukalimani na isimujamii katika vyumba viwili tofauti. Kazini vinakuwa chumba kimoja. Hayo ni maoni yangu, walimu wangu wanaweza kunijibu katika toleo lijalo.

Kwenda kwa miguu

Ujumbe una mpaka wake. Kwa ofisi zilizo hapa mjini nilikwenda mwenyewe, bila ahadi ya kukutana, saa nne hivi za asubuhi. Sentineli wa mlangoni anajua kama bwana fulani bado yupo, kama amehamishwa, kama ofisi inalipa mishahara. Msalimie vizuri, kaa naye dakika tano. Habari ambayo barua pepe tatu hazikuipata niliipata kwenye benchi lake: aliyekuwa akinipa kazi aliondoka mwezi wa pili, na aliyeshika nafasi yake hakuachiwa namba yangu. Kimya cha miezi minne kilikuwa kijitabu cha namba kilichopotea!

Kwa Kolwezi sishauri kupanda basi bila kumwambia mtu. Nauli ya kwenda na kurudi na malazi vinakula faida ya kurasa nyingi. Nilingoja hadi nikawa na watu watatu wa kuwaona huko siku moja, na wawili kati yao walikuwa wamesema "karibu" kwa maneno yao wenyewe.

Kwa yule wa Goma niliandika tofauti kabisa. Hapakuwa na swali la kazi, hata moja. Niliuliza kama yeye na watu wake wako salama, nikaishia hapo. Alijibu baada ya wiki tatu, akiwa mji mwingine. Kazi hana, alisema, lakini alinipa jina la mwenzake aliyeko Kalemie. Sikuuandika ule ujumbe kwa hesabu ya kupata jina hilo, na msomaji asiujaribu kwa hesabu hiyo. Watu waliokimbia wana masikio makali.

Mara ngapi kuandika? Mimi naandika mara moja, narudia baada ya wiki tatu kwa kitu kipya cha kusema, kisha naacha mpaka salamu za mwaka mpya. Siandiki mwisho wa mwezi, wahasibu hawana nafasi. Januari ni mwezi mzuri kwa sababu ofisi nyingi zinapanga bajeti, na kwa sababu kumtakia mtu heri ya mwaka hakuhitaji kisingizio.

Kazi inaporudi

Huwa inarudi ndogo na ya haraka: kurasa mbili, Ijumaa saa tisa, zinatakiwa Jumatatu. Ipokee kama unaweza, na ikabidhi kabla ya saa. Suala la bei ndilo linalowachanganya wengi. Mteja anasema "bei yetu ileile, sivyo?" na wewe unafurahi mno hata unasema ndiyo. Bei ya 2022 hainunui unga wa 2025. Ninachojibu ni hiki: "Hii ya leo ni kwa bei ya zamani, kwa ajili ya urafiki. Zinazokuja nitawatumia devi mpya." Angalia ngeli na wakati. "Hii ya leo" ni moja, imefungwa. "Zinazokuja" ni nyingi, na zimeshakuwa njiani katika sarufi hata kama hakuna aliyezitaja. Devi ninaituma siku hiyohiyo ninapokabidhi kazi, kabla ya kulipwa, wakati bado anazisoma kurasa.

Katika wale 11, sita walijibu. Watatu wamerudi na kazi, mmoja ndiye wa Kalemie, wawili wamesema kwa adabu kwamba mwaka huu hakuna. Watano hawakujibu. Kati yao wawili nimekuja kujua kwamba ofisi zao zimefungwa kabisa, nami nimewatoa kwenye orodha. Watatu waliobaki nitawaandikia Januari. Mmoja kwa Kifaransa, wawili kwa Kiswahili chetu cha hapa.